Jicho la Kushoto la Bosi

4 Februari

Mwanangu Daktari wa Panya,

Marahaba. Najibu kabla hujaniamkia kwa sababu najua ungesahau, na mimi sipendi deni la adabu likae muda mrefu.

Huku wazima. Goti langu la kulia limeamua kustaafu kabla yangu. Binti yangu, dada yako, bado yuko dukani kwao anauza misumari na rangi za ukutani, na kwa vile duka halitaki watoto, mwanawe Bosi anashinda na mimi studio. Ninasema anashinda na mimi, lakini ukweli ni kwamba mimi ndiye ninayeshinda na yeye. Ana miaka miwili na ameshaajiri na kufukuza watu. Juzi alikalia kiti cha wateja, akamwambia mzee wa watu aliyekuja kupiga picha ya pasipoti, "Wewe, ngoja." Mzee akangoja.

Watu wananiuliza huko uliko unafanya kazi gani. Zamani nilisema mtafiti, wakanyamaza kwa heshima. Sasa nimechoka kupamba mambo, nasema anafuga ugonjwa. Anaulisha, anaupima joto, na ukinenepa anapongezwa. Jirani yangu wa cherehani akauliza kama hawana nafasi nyingine.

Usiniulize tena kwa nini sipokei simu. Kwenye simu unasema "ndiyo Shangazi, ndiyo Shangazi," huku nasikia maji yanamwagika na mlango wa friji unafungwa. Barua lazima uikalie chini. Tena nikikutumia picha kwa simu utaitazama sekunde mbili, na mimi sikusimama miaka thelathini na moja nyuma ya kamera ili nitazamwe sekunde mbili.

Ndani ya bahasha kuna picha ya Bosi ya kutimiza miaka miwili. Nimeisafisha kidogo, maana flashi yangu siku hizi ina wazimu wake. Usiikunje.

Shangazi yako

*

1 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Naomba iandikwe mahali kwamba nimeamkia, mstari wa kwanza kabisa, bila kusukumwa.

Mimi mzima, nashukuru kwa kutouliza. Chumba changu kina dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani, na ukuta wa jirani umepakwa rangi mpya, kwa hiyo mambo yanasonga. Pole ya goti.

Umesema nafuga ugonjwa. Ningekasirika kama usingekuwa umesema kweli. Kuna saratani inayoota nyuma ya jicho la mtoto mdogo, wengi wakiwa hawajafika miaka mitano. Ni nadra, na kwa kuwa ni nadra, wenye viwanda vya dawa hawana haraka nayo. Huwezi kumchukua mtoto wa mtu ukajaribu dawa ambayo hujui itamfanya nini. Kwa hiyo tunatafuta wa kuumwa kwa niaba yake, na kuwatafuta hao ndiyo kazi yangu.

Wa kwanza ni seli zilizoko kwenye visahani. Zilitoka kwa mtoto mmoja kabla sijazaliwa, na tangu hapo zimekula na kulala kwetu mpaka zimesahau kwamba ziliwahi kuwa ugonjwa wa mtoto. Dawa yoyote inaziua. Tukiziua tunapigiana makofi. Wa pili ni vipira vidogo, vidogo kuliko kichwa cha pini, tunavyoviotesha kutoka kwenye uvimbe mpya wa mgonjwa. Hivyo ni vikaidi kidogo, vinafanana zaidi na ukweli. Wa tatu ni panya, ambaye jicho lake ni kama punje ya pilipili manga, na anayemdunga sindano humo hapumui mpaka amalize. Wa mwisho ni sungura. Jicho la sungura linakaribia ukubwa wa jicho la mtoto mchanga, lakini mwili wake hautaki seli za binadamu, kwa hiyo tunampa kwanza dawa ya kupunguza kinga ili asizitimue. Baada ya hapo akipiga chafya ofisi nzima inasimama. Wanabadilishiwa matandiko kila siku. Matandiko yangu tusiyazungumze.

Dawa tunayoijaribu sasa imeua kila seli kwenye visahani. Mkuu wetu ameanza kutembea kama mtu anayesubiri kuvishwa nishani. Mwezi huu tunaingia kwa sungura.

Jambo moja litakufurahisha. Ugonjwa huu mara nyingi daktari si wa kwanza kuuona, unaonekana kwenye picha. Ukimpiga mtoto kwa flashi, mboni ya jicho zima hutoka nyekundu, ya jicho lenye ugonjwa hung'aa nyeupe. Kwa hiyo wewe na kamera yako mnaweza kutushinda sisi wote wenye makoti.

Picha ya Bosi nimeibandika juu ya meza yangu ya kazi. Macho yake yametoka safi kabisa. Sijawahi kuona macho mazuri hivyo, na mimi kazi yangu ni kutazama macho.

Mwanao

*

17 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima.

Barua yako ilifika zamani kidogo. Nimechelewa kujibu kwa sababu ya shughuli. Nimebadilisha pazia la nyuma studio, la zamani lilikuwa na mawingu, jipya ni la kijivu, wateja wanauliza mawingu yameenda wapi. Jirani wa cherehani amegombana na fundi wa viatu kuhusu kivuli cha turubai, kila mmoja anasema jua lake limechukuliwa. Mvua imenyesha siku mbili. Goti liko palepale.

Dada yako anakusalimu. Duka limempa sare mpya, inambana mabegani.

Nina swali dogo. Ule weupe uliousema, ni weupe wa namna gani? Mweupe kama karatasi, au wa kufifia kama maziwa yaliyotiwa maji? Na je, unaweza kuonekana leo, kesho usionekane, kutegemea mtoto anatazama wapi? Naulizia mteja.

Shangazi yako

*

6 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Mteja gani?

Nimesoma barua yako mara nne. Kurasa mbili na Bosi hayumo. Umeniandikia habari za turubai la fundi wa viatu, na mtoto anayekaa mapajani mwako kutwa hujamtaja hata kwa bahati mbaya.

Nikaiondoa picha juu ya meza nikaiweka chini ya lenzi. Wewe ndiye uliyenifundisha kusafisha picha, nikiwa na miaka kumi na mbili, kwa brashi ya nywele tatu. Ulikuwa unanipiga konzi ukisema taa ni moja, kwa hiyo nyota ya mwanga ikae upande uleule kwenye macho yote mawili. Taa yako kubwa iko kushoto tangu nizaliwe. Kwenye jicho la kulia la Bosi nyota iko panapotakiwa. Kwenye jicho la kushoto iko upande wa pili. Umechukua jicho la kulia, ukaligeuza, ukalipandikiza kushoto. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza angekula konzi kwa kosa hilo. Wewe hukosei hivyo, Shangazi, labda mkono uwe unatetemeka.

Nimekupigia jana mara tisa. Nikampigia dada dukani. Nilimwambia amtazame mtoto pembeni ya dirisha, kisha ampige kwa flashi ya simu yake, asiseme lolote, anitumie. Alinitumia. Asubuhi ya leo wamekwenda hospitali ya macho, na wakati unasoma hii watakuwa wameshaambiwa. Nimeongea na daktari mmoja pale.

Sikuandikii kukugombeza. Naandika kwa sababu hupokei simu. Ile picha ya kwanza, kabla hujaigusa, bado unayo? Naomba unitumie. Na zilizotangulia, kama zipo.

Mwanao

*

30 Mei

Mwanangu,

Mteja hakuwepo. Ulishajua, basi tusipotezeane muda.

Picha hizi hapa, tatu. Ya Septemba, amekaa ngazini. Ya Novemba, ana kofia. Na ya Februari. Zote jicho la kushoto. Ya Septemba nilisema ni flashi. Ya Novemba nikabadilisha betri za flashi, nikajisifu kwamba nimetatua. Ya Februari nikakaa mbele ya kompyuta nikajiuliza, flashi gani hii inayochagua mtoto mmoja na jicho moja? Kisha nikafanya ninachojua kufanya. Nikasafisha.

Kusema sikujua ni ugonjwa gani ulikuwa utetezi wangu mzuri. Barua yako ya Machi ikauua. Niliisoma nimesimama mlangoni, Bosi akanivuta sketi akasema, "Soma kwa sauti." Sikusoma kwa sauti. Nilizunguka na barua hiyo mfukoni wiki nne, nikabadilisha pazia, nikasuluhisha ugomvi wa kivuli, nikafanya kila kazi ya mtaa huu isipokuwa ile moja. Niliogopa. Nimeliandika neno hilo, usinilazimishe kulirudia.

Dada yako haongei nami. Anakuja, anamchukua mtoto, anasema "asante Mama" kama anavyomwambia mtu wa kupima umeme. Ana haki. Ningekuwa yeye hata asante nisingeitoa.

Jicho la kushoto lilitolewa tarehe kumi na tisa. Daktari ni binti mdogo, mfupi kuliko mguu wa kamera yangu, nilitaka kumuuliza mama yake yuko wapi. Lakini anajua kazi. Alinieleza kwamba jicho lile lilikuwa limebaki kuona mwanga tu, na kulitoa ndiyo njia ya kuzuia ugonjwa usipande kwenye ubongo. Aliniuliza mlianza kuona weupe lini. Nikasema Septemba. Aliandika. Hakuinua kichwa, na nilimshukuru kwa hilo.

Bosi aliamka akauliza nani amezima taa upande huu.

Sasa sikiliza. Jicho la kulia wamekuta madoa mawili, madogo. Wanampa dawa ya mshipani na wanayachoma kwa mwanga. Wanasema yanaweza kukauka, yanaweza kukataa. Yakikataa, hilo nalo litatolewa, na atabaki bila la kushoto wala la kulia. Wewe una dawa iliyoua kila seli kwenye visahani. Uliniandikia mwenyewe, barua ninayo, sikuota. Tia kwenye bahasha. Tia kidogo tu, cha sungura mmoja. Mimi sijakuomba kitu tangu uondoke hapa, hata shati la sikukuu hujanitumia na sikusema neno.

Nakuomba.

Shangazi

*

22 Juni

Shangazi,

Shikamoo.

Hapana.

Nimeandika jibu kwanza kwa sababu ningelianza na maelezo ungeruka mpaka mwisho kulitafuta. Sasa maelezo.

Sungura walikuwa kumi na wawili. Tuliwapandikizia uvimbe, ukaota, tukawadunga dawa. Uvimbe ulisinyaa kwa wote kumi na wawili. Mkuu alituletea keki. Wiki mbili baadaye tukawapima kuona, na watano hawaoni kitu. Dawa iliua uvimbe, kisha ikaendelea na pazia la nyuma ya jicho, lile linalopokea picha. Visahani havikutuambia hilo kwa sababu visahani havina pazia la kuharibu. Panya hawakutuambia kwa sababu jicho la panya ni dogo na kipimo chake hakilingani. Sungura ndio waliosema. Mkuu hatembei tena vile.

Tutapunguza kipimo, tutaanza upya, na pengine baada ya miaka sita au saba kitapatikana kitu cha kumpelekea daktari mmoja, ampe mtoto mmoja, huku watu ishirini wanatazama. Ningekutumia leo, Bosi angekuwa sungura wa kumi na tatu. Umeniuliza swali ambalo nimeajiriwa kulijibu, na jibu langu baada ya shahada tatu ni sijui. Unaweza kuwaambia majirani.

Dawa anayopewa Bosi sasa mshipani si yetu. Ni ya zamani, na kipimo chake kinajulikana mpaka tone. Kinajulikana kwa sababu mtu nisiyemjua aliharibu macho ya sungura wengi kukitafuta, na bila shaka alikuwa na ndugu zake waliomwomba atie kwenye bahasha. Alikataa. Namshukuru kwa ubaya wake.

Sasa yangu mimi. Picha ile ilikaa juu ya meza yangu zaidi ya miezi miwili. Kila siku natazama macho ya wanyama mia moja na hamsini, naandika jicho la kushoto, la kulia, weupe upo, weupe haupo. Kisha nainua kichwa namtazama Bosi, naona amependeza. Niliisifu, Shangazi. Kwa maandishi. Umebeba lako wiki nne, mimi langu nililibandika ukutani.

Dada aliniambia hospitali ilimwomba ruhusa kutumia uvimbe uliotolewa kwa utafiti, naye akasaini. Mimi siruhusiwi kujua tunachopokea ni cha nani. Vinakuja na namba. Mwishoni mwa Mei lilikuja kasha la barafu lenye tarehe ya kumi na tisa, na hospitali zinazotutumia ni tatu tu. Mkuu alinitazama, akaniambia naweza kumwachia mwenzangu. Nilikaa nalo mwenyewe.

Vimeota. Vipira mia mbili na kitu, vikaidi, vinakua haraka kuliko vyote tulivyowahi kuotesha. Katika kazi yetu hizo ni habari njema, na watu walinipongeza. Nilienda chooni nikalia mpaka mtu akagonga mlango.

Nisamehe kwa hapana.

Mwanao

*

25 Agosti

Mwanangu,

Marahaba.

Ulinikatalia na nikakuchukia siku tatu kamili, Jumatatu mpaka Jumatano. Nilimwambia jirani wa cherehani kwamba nimelea nyoka mwenye shahada. Alhamisi nikampelekea yule daktari mfupi barua yako asome ile sehemu ya sungura. Alisoma, akasema, "Huyu ni mtu wa kuaminika." Nikasema ndiyo, nimemlea mimi.

Madoa ya jicho la kulia yamekauka. Yote mawili. Anasema amekuta makovu tu, na kwamba tusishangilie, kila mwezi arudi kupimwa, na itakuwa hivyo kwa miaka. Bosi anaona. Jana aliona sarafu chini ya kabati la vioo ambayo mimi na miwani yangu hatukuiona. Jicho la bandia amepewa, limefanana vizuri, na wiki ya kwanza alilitoa akalitia ndani ya kiatu cha mteja. Mteja hajarudi. Dada yako alicheka, nikacheka, tukatazamana, halafu akakumbuka kwamba haongei nami. Lakini alikuwa ameshacheka.

Nimebandika karatasi mlangoni kwamba studio hii haisafishi macho ya watoto. Makunyanzi nafuta, kidevu cha pili naondoa, chunusi naangamiza, ila jicho la mtoto litatoka kama lilivyo na mama yake atalitazama mbele yangu. Wawili wameshanisusa. Fundi wa viatu anasema nimeharibu biashara kwa mkono wangu mwenyewe, na yeye anaijua mada hiyo vizuri.

Kuna jambo jingine, na ndilo lililonikalisha chini niandike. Tangu Julai, nikikosa wateja, nafungua maboksi na kompyuta natazama picha zangu zote za watoto kabla sijazigusa. Unakumbuka mimi situpi ya kwanza. Miaka thelathini na moja, watoto sijui elfu ngapi. Nilitaka kujua kama nimewahi kufanya hivi kwa mwingine. Ningeweza kujihurumia kwa kutofungua.

Nimekuta wawili.

Mmoja ni wa miaka kumi na moja iliyopita, msichana mwenye gauni la mistari. Jicho la kulia, jeupe kama ganda la yai. Nililisafisha. Mwaka uliofuata mama yake alirudi na picha ileile akaomba niikuze, wataiweka mbele ya jeneza. Sikumuuliza mtoto aliumwa nini. Nilikagua kazi yangu ya mwanzo, nikaona mahali pamebaki doa kidogo, nikalimalizia. Mama akanishika mkono akanishukuru jinsi mwanawe alivyotoka vizuri.

Hilo sina la kulifanya. Nimejaribu kutafuta la kulifanya na sijalipata, na usiniandikie maneno ya kunifariji, nitayarudisha.

Wa pili ni wa Januari mwaka huu. Mvulana, wakati huo ana mwaka na miezi minne, meno sita, jicho la kushoto. Picha nimeichapa upya kama kamera ilivyoiona, nimeitia kwenye bahasha ngumu. Nyumba yao naijua, ni ya tatu baada ya kisima, mama yake anauza vyombo vya plastiki. Nimempigia yule daktari, amesema nimlete leo, hata jioni, atasubiri.

Nimeshavaa viatu. Mama yule atasema namtakia mwanawe mabaya, atafunga mlango, na goti langu hili nitalikunja palepale kizingitini mpaka naye avae viatu.

Shangazi yako